Feni za nyumbani: nilizojaribu Nairobi na iliyobaki chumbani

Tunaishi Umoja, orofa ya juu kabisa, chini ya mabati. Watu wa pwani hucheka wakisikia mtu wa Nairobi analia joto, lakini waje mwezi wa pili, saa tatu usiku, wainue mkono karibu na dari yetu. Nje kumeshapoa, ndani bado kunachemka, kwa kuwa mabati na kuta zimebeba jua la mchana kutwa na sasa zinalirudisha chumbani. Kwa ajili hiyo nimepitia feni za karibu kila aina.

Iliyoshinda ni ile ya kawaida ya kusimama, ya inchi 16. Siri yake ni mahali unapoiweka. Jioni naisogeza dirishani, uso wake ukitazama nje, kisha nafungua dirisha la upande wa pili. Inasukuma joto nje, na baridi ya usiku inaingia yenyewe kule kwingine. Wengi hufunga madirisha kwa kuogopa mbu, halafu wanaielekeza kitandani. Hapo inazungusha joto lile lile. Feni haipozi hewa, inakausha jasho mwilini, ndiyo maana kuiacha ikivuma chumba kisicho na mtu ni kuchoma tokeni bure. Kuhusu mbu, weka wavu dirishani. Wakati wa kulala ndipo naigeuza kitandani, na upepo wake unawasumbua mbu maana hawana nguvu ya kuruka dhidi yake.

Stima yake haitishi. Nyingi za aina hii hula wati 50 hadi 60, kwa hiyo usiku mzima wa saa nane haufiki hata nusu uniti.

Feni ya maji nilikuwa na matumaini nayo makubwa. Inavuta hewa kupitia pedi zilizolowa, maji yanapokauka yanabeba joto. Januari na Februari, hewa ikiwa kavu, unahisi tofauti kabisa, mradi dirisha liwe wazi. Masika yakianza, hewa imeshajaa unyevu, maji hayakauki, chumba kinabaki kizito na shuka zinanata. Dada yangu wa Mombasa alitaka nimnunulie. Nikamwambia aachane nayo, kule unyevu ni wa mwaka mzima. Na ukisahau maji tangini siku kadhaa, utaijua kwa harufu.

Pangaboi ni tamu kwa mwenye nyumba yake. Sisi wapangaji tunaanza na kuomba ruhusa ya kutoboa dari, na dari zenyewe ziko chini. Mapanga yanatakiwa kuwa angalau mita 2.1 kutoka sakafuni. Kwetu mtu mrefu akivua shati anaweza kujuta. Ya mnara, ile nyembamba ndefu, inapendeza sebuleni na haijazi nafasi, ila vumbi la Eastlands huingia ndani yake na kuitoa ni kazi ya bisibisi. Sitanunua tena.

Ya kuchaji naiweka kwa ajili ya siku stima ikipotea. Ni ndogo, upepo wake ni wa mtu mmoja, lakini mtoto analala. Usiiache kabatini betri ikiwa imeisha hadi msimu ujao, betri itakufa.

Jambo moja ambalo maduka hayatakwambia: feni ya kusimama inatengenezeka. Yangu ilianza kuzunguka kwa uvivu, ikinguruma, na kuanza hadi niisukume kwa kidole. Nilikuwa nimeshaihesabu takataka. Fundi wa mtaani akafungua kifuniko cha nyuma, akazungusha panga kwa mkono, likaenda vizuri bila kukwama.

"Mota ni nzima, mama. Ni kapasita hii."

Alichomoa kidude cheusi kama kiberiti, kile kinachoipa mota msukumo wa kuanza kuzunguka, akaweka kingine, akadondosha mafuta ya cherehani kwenye ekseli. Bei yake haikukaribia hata kidogo ya feni mpya.

Ukienda kununua Luthuli Avenue, sema iwashwe mbele yako, kasi zote tatu, ukiwa umeshika mlingoti wake. Ukitetemeka mkononi, omba nyingine. Na uangalie plagi: nyingine huja na miguu miwili, ukifika nyumbani haiingii kwenye soketi zetu za matundu matatu.