Orvieto: mji wa mwambani ambao uzuri wake uko chini

Wageni wengi hufika Orvieto asubuhi kwa treni kutoka Roma, safari ya saa moja na ushei, wakapiga picha mbele ya kanisa kuu na kurudi zao kabla ya jua kuzama. Mimi nililala huko siku mbili, na hata hizo ziliniishia upesi.

Mji huu wa jimbo la Umbria, nchini Italia, umekaa juu ya bapa la mwamba wa volkano lililozungukwa na magenge yaliyosimama kama kuta, kwa hiyo kutoka kituo cha treni, kilichoko bondeni, abiria hupanda behewa dogo linalovutwa mlimani kwa kamba ya chuma. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 1888 ikiendeshwa kwa uzito wa maji. Sasa hutumia umeme, na safari huisha kabla hujakaa vizuri.

Kanisa kuu, lililoanza kujengwa mwaka 1290, lina uso unaometameta kwa dhahabu, ingawa kilichonishika zaidi ni picha za ukutani alizochora Luca Signorelli kati ya 1499 na 1504 katika kikanisa cha ndani, ambamo wafu wanajikokota kutoka ardhini, wengine wakiwa bado mifupa mitupu.

Hata hivyo, kama una nafasi ya jambo moja tu, shuka kisimani. Papa Klementi wa Saba, aliyekimbilia hapa baada ya Roma kuporwa mwaka 1527, alihofia kwamba mji ungezingirwa ukakosa maji, akamwagiza msanifu majengo Antonio da Sangallo achimbe kisima cha Mtakatifu Patrisi. Kina chake ni mita 53, na kimezungukwa na ngazi mbili zisizogusana, kila moja ikiwa na vidato 248, ili baghala walioshuka watupu kwa njia moja wapande na maji kwa nyingine bila kusukumana. (Wengine huwaita nyumbu; si wale wa Serengeti.) Mwanga huingia kupitia madirisha mengi na kufifia kadiri unavyoteremka, hadi unapofika kwenye kidaraja cha chini na kuona mdomo wa kisima umebaki duara dogo jeupe. Kazi ilikamilika mwaka 1537, Papa huyo akiwa amekwisha kufariki.

Mapango yaliyochimbwa chini ya nyumba, yenye vishimo ambamo wenyeji walifuga njiwa kwa ajili ya kitoweo, huingiwa pamoja na kiongozi tu, nayo yanastahili kiingilio chake.

Nyota moja naipunguza kwa sababu ya vyakula vya karibu na kanisa. Katika mkahawa mmoja nililetewa tambi nene za kienyeji zilizokwisha kupoa, kisha nikatozwa fedha za mkate nisioagiza. Jioni ya pili, vichochoro viwili nyuma yake, nilikula tambi zizo hizo, za moto, kwa bei nafuu. Beba sweta hata wakati wa kiangazi, kwa maana kule kisimani kuna baridi, na magoti yako yajue mapema kwamba hakuna lifti.