Uzoefu wangu: kuwasikiliza Blue Angels kwa skana ya mkononi

Kama unapenda kwenda shoo za ndege na una hela ya kununua kitu kimoja tu, lenzi kubwa ya kamera iache kwanza, chukua skana, yaani redio ndogo inayopekua masafa ukasikia watu wanavyoongea hewani. Mimi natumia Uniden BC125AT kuwasikiliza Blue Angels, ile timu ya maonyesho ya ndege ya jeshi la majini la Marekani, wanapokuja hapa Annapolis, Maryland mwezi Mei wiki ya mahafali ya Naval Academy, chuo cha maofisa wa jeshi hilo, na kwa kweli tangu nianze kuwasikia sijawahi tena kuiangalia shoo kwa macho yale yale ya zamani.

Kifaa chenyewe ni kidogo, kinaingia mfuko wa koti, betri mbili za AA, chaneli 500 kwenye benki 10, yaani makundi 10 ya chaneli, lakini yote hayo si kitu, cha maana ni kwamba inashika masafa ya 225 mpaka 380 MHz kwa AM. Huko ndiko ndege za kijeshi zinakoongelea. Nasisitiza hili kwa sababu watu wengi wananunua zile redio kol za bei chee zinazoshika 136 mpaka 174 na 400 mpaka 520 kwa FM halafu wanakaa shoo nzima wanasikia kimya, hapo hata ubadilishe antena ya dhahabu hutapata kitu. Kwenye ndege za kiraia ni 118 mpaka 137 na hiyo pia BC125AT inashika, ukitaka kumsikia anayeongoza ratiba ya shoo mara nyingi utamkuta huko.

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe. Rubani wa ndege namba 1 wanamwita Bosi, namba 2 yuko bawa la kulia, 3 la kushoto, 4 yuko nyuma katikati, hao wanne ndio almasi, wanaruka pamoja kwa umbo hilo. Namba 5 na 6 ni solo, wanaruka nje ya almasi. Na yule unayemsikia kwenye spika za uwanjani akitangaza ni rubani pia, namba 7, ila yeye anaongea na sisi wananchi, maneno mazuri ya kupangwa. Kwenye skana unasikia kazi. Bosi anaanza, "Uuuup weee gooo", anavuta maneno taratibu kama anaimba, na jicho lako linaona pua nne za F/A-18 Super Hornet zinanyanyuka kwa pamoja kwa lile neno. Kisha "liiiittle more pull", na almasi inajikaza kidogo, unaiona kabisa inavyojikaza. Anavuta vile kwa sababu wenzake wanausogeza mkono kwa kufuata sauti, silabi kwa silabi, wangesubiri waone ndege ya Bosi imegeuka ndiyo na wao wageuke wangekuwa wameshachelewa, na pale wanapobanana zaidi bawa la mmoja na kioo kinachomfunika rubani mwenzake vinaachana sentimita 46 hivi tu. Ni kama wavuvi wa kwetu Bagamoyo wakivuta juya, mmoja anaita na wote wanavuta juu ya sauti yake.

Halafu sikiliza anapovuta kupanda, utasikia sauti imebana. Hawa jamaa hawavai ile suti ya kujaa upepo inayozuia damu isikimbilie miguuni, marubani wengine wa jeti za kivita wanavaa, wao hawavai kwa sababu mkono wa kulia wanaulaza kwenye paja na suti ikijaa ingeusukuma, na stiki yao, ule mpini wa kuongozea ndege, imewekewa springi inayoivuta pua chini kwa nguvu ya kilo 18 hivi ili mkono usicheze. Kwa hiyo wanapambana kwa misuli ya miguu na tumbo, na katikati ya hayo Bosi bado anaongea vile vile polepole! Na kabla ya kuruka wanakaa mezani wanafumba macho, Bosi anayapitia maneno yote kwa mdundo ule ule na wao wanachezesha mikono kana kwamba wameshika stiki. Ukishajua hilo ukaja kuyasikia hewani, mwili unasisimka.

Solo nao ni kivyao, "ready, hit it!" na wanapishana uso kwa uso. Ile wanayokuja kukushtua nayo, watu wote wameinua simu juu wanarekodi almasi, mimi nasikia solo anaingia hewani nikamgeuza binti yangu mabega aangalie mtoni, na kweli jeti ikaja chini chini juu ya maji ya Severn na nyuma yake maji yanatimka, haina mlio, kwa sababu kasi yake inakaribia ile ya sauti yenyewe, mlio unakuja ikiwa imeshafika. Alipiga kelele za furaha mpaka akakohoa.

Masafa yanaweza kubadilika kutoka shoo hadi shoo kwa hiyo orodha za mtandaoni zichukue kama pa kuanzia, ziweke zote benki moja, washa Close Call iwinde zilizo karibu, ukimpata Bosi bonyeza Hold usitoke hapo. Hedifoni lazima, zile za kuingia sikioni halafu juu yake unavaa kinga ya masikio, la sivyo jeti ikipita husikii neno. Mawasiliano ya kidijitali skana hii haifungui, ila kwa Blue Angels huhitaji, wanaongea analogi ya kawaida.

Hapa Marekani kusikiliza redio za ndege ni ruksa, ingawa baadhi ya majimbo yana sheria zao za skana ndani ya gari. Ndugu zangu wa Uingereza nyie msiwashe kwa Red Arrows, timu ya maonyesho ya jeshi lenu la anga, sheria ya 2006 inakataza kusikiliza mawasiliano yasiyokuhusu, na mlioko kwingine ulizieni kwanza.

Kwa wanaokuja Annapolis, Jumanne huwa mazoezi na Jumatano ndiyo shoo. Mimi nakaa Jonas Green Park pembeni ya daraja, njooni mapema maana panajaa.