Vitabu viwili kwa mtu mmoja: tathmini ya duka la kuazima vitabu vya wasifu, Majengo, Dodoma

Kwa miezi minne sasa nimekuwa mteja wa duka dogo la vitabu lililo jirani na soko la Majengo hapa Dodoma, na kwa kuwa utaratibu wake sijauona kwingine katika mji huu, nimeona ni haki liandikiwe tathmini yenye maelezo ya kutosha. Duka halina bango. Anayelitafuta aulize kwa mzee wa vitabu, naye ataonyeshwa mlango wa bati ulio kati ya fundi cherehani na muuza karanga. Ndani wanaenea wateja watatu wakisimama, na vumbi letu jekundu limetanda juu ya majalada kiasi kwamba afadhali mtu aende na kitambaa chake.

Mwenye duka ni mwalimu wa historia aliyestaafu. Vitabu vya shule anauza kama wauzaji wengine, lakini rafu ya nyuma haiuzwi, inaazimwa tu, na yote iliyomo ni vitabu vya maisha ya watu: watawala, wapigania uhuru, maaskofu, masheikh, wasafiri wa karne ya 19. Sharti lake ni moja. Kitabu kimoja peke yake hakitoki. Kila mtu aliyeandikwa amewekewa vitabu viwili vilivyofungwa pamoja kwa uzi wa katani, kimoja cha mwandishi anayemsifu, kingine cha mwandishi anayemlaumu, au cha mtu aliyeyatazama maisha yale akiwa upande mwingine. Ada ni shilingi 2,000 kwa wiki mbili kwa kila furushi, pamoja na dhamana ya shilingi 15,000 inayorudishwa vitabu vikirudi vizima.

Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, nikaomba kitabu cha Mtwa Mkwawa, mtawala wa Uhehe aliyepigana na Wajerumani, kwa sababu mimi ni mzaliwa wa Iringa na hadithi zake nimelelewa nazo. Alipojua nilikotoka akanipa furushi akisema, "Huyu ni shujaa wenu, mwanangu, na ni shujaa kweli. Lakini soma na habari za waliokuwa wakimkimbia." Kitabu cha juu kilikuwa na yote niliyoyatarajia: ushindi wa Lugalo wa tarehe 17 Agosti 1891, kuanguka kwa ngome ya Kalenga mwaka 1894, miaka ya kuwindwa porini hadi alipojiua mwaka 1898 ili asikamatwe hai, na fuvu lililorudishwa Kalenga mwaka 1954. Kitabu cha chini kilikuwa historia ya Ugogo, yaani nchi ya Wagogo, hapa Dodoma. Humo wapiganaji wa Uhehe wanaonekana kwa macho ya mfugaji anayehesabu ng'ombe waliochukuliwa na watu wasiorudi. Hakuna hata sentensi moja katika kitabu hicho iliyonifanya nione Lugalo kuwa ni jambo dogo. Kilichobadilika ni kwamba kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini Wajerumani walipata washirika Waafrika katika vita vile, jambo ambalo kitabu cha sifa kilikuwa kimelieleza kwa neno moja tu, usaliti.

Hapo ndipo thamani ya duka hili ilipo. Kwetu mtu mkubwa akifa, au akikaa sana katika vitabu vya shule, dosari zake hufunikwa kwa heshima ileile tunayoitumia kufunika maiti. Nia ni njema. Hata hivyo, mwandishi wa wasifu akifanya hivyo, msomaji hunyimwa kipimo, maana hawezi kujua uamuzi fulani ulikuwa mgumu kiasi gani ikiwa haonyeshwi kwamba mtu yuleyule, katika jambo jingine, alishindwa kuufikia.

Furushi la Mwalimu Nyerere ndilo lililonikalisha muda mrefu kuliko yote, nikaliongezea muda mara mbili. Kitabu cha kwanza, cha Kiswahili chepesi, kinahesabu umoja wa taifa lenye makabila zaidi ya 120, elimu ya watu wazima, msaada kwa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, na kung'atuka kwa hiari mwaka 1985. Cha pili, cha Kiingereza kigumu, kinaanza na sheria ya 1962 iliyoruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani, kinapitia mfumo wa chama kimoja wa 1965, kisha kinakaa sana kwenye kuhamishiwa watu vijijini, hasa baada ya Novemba 1973 ilipotangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri. Nimejifunza kuanza na faharasa ninapofungua kitabu cha namna hii. Katika kile cha kwanza neno "kizuizini" halimo kabisa, na katika kile cha pili Kiswahili kama lugha ya taifa kimepewa mstari mmoja.

Kwa msomaji wa Dodoma vitabu hivi viwili vinakutana mahali pamoja, na mahali penyewe ni hapa tunapoishi. Mkoa huu ulipitiwa na Operesheni Dodoma mwanzoni mwa miaka ya 1970, miongoni mwa operesheni za mwanzo za kuwakusanya watu vijijini, na mwaka 1973 huohuo uamuzi ukapitishwa wa kuufanya mji huu kuwa makao makuu ya nchi. Mgogo aliyeacha tembe lake na malisho aliyoyajua, kisha akaona wajukuu wake wakipata shule na zahanati karibu, na miongo kadhaa baadaye akaona wizara zikijengwa katika Mji wa Serikali wa Mtumba, hawezi kuambiwa achague kitabu kimoja kati ya hivi viwili. Amebeba vyote katika maisha yake. Nilitamani mmoja wa waandishi wale angemfuata mtu wa namna hiyo kwa sura moja tu.

Na hii ndiyo kasoro ya kwanza ya utaratibu wa mafurushi, ambayo nilimweleza mzee mwenyewe naye akakubali kwamba inamsumbua. Anayeazima furushi hurudi nyumbani na mawakili wawili, lakini hakimu hayupo. Kitabu cha sifa tupu ukikiweka juu ya kitabu cha lawama tupu, hupati kitabu cha haki. Unapata kazi ambayo waandishi wote wawili wameikwepa, sasa imeachiwa mtu anayesoma usiku baada ya kutoka kazini. Kupima kunahitaji mambo mawili yakae katika aya moja. Ushahidi wa kufanya hivyo upo, tena mikononi mwa wahusika wenyewe. Nyerere alipohojiwa mwaka 1984, akiwa bado Rais, alitaja mambo ambayo asingeyarudia kama angeanza upya: kufutwa kwa serikali za mitaa na kuvunjwa kwa vyama vya ushirika. Kitabu cha sifa hakikuyanukuu maneno hayo, pengine kwa kuyaona ni aibu. Cha lawama nacho hakikuyanukuu, pengine kwa sababu yanampunguzia mshtakiwa hatia. Mimi nayaona kuwa ni miongoni mwa mambo yanayomtukuza zaidi, na bado hayarudishi hasara waliyoipata wanachama wa vyama vile.

Vivyo hivyo kwa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 baada ya raia kuteswa na wengine kufa mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Mwandishi anayetaja kujiuzulu bila kutaja waliokufa anatengeneza mfano wa uadilifu usio na sababu, na anayetaja waliokufa bila kujiuzulu anafuta kitendo ambacho hadi leo kinatajwa nchini kama kipimo cha uwajibikaji. Furushi la Bibi Titi Mohamed lina shida ya aina nyingine: kitabu kimoja kinaishia kwenye majukwaa ya TANU, chama kilichopigania uhuru, alikokuwa kiongozi wa wanawake, kingine kinaanzia kwenye kesi ya uhaini na kifungo cha maisha, kisha kinafika haraka kwenye msamaha wa 1972. Msomaji anabaki na wanawake wawili wasiofahamiana.

Kasoro ya pili ni ya lugha, na hii mzee hana lawama nayo, kwa kuwa anaweka kinachochapishwa. Sehemu kubwa ya vitabu vya sifa katika rafu ile ni vya Kiswahili, na sehemu kubwa ya vitabu vya uchunguzi ni vya Kiingereza. Kijana wa sekondari asiyekimudu Kiingereza anaondoka na furushi zima lakini anasoma nusu yake tu, ile inayosifu. Mizani inalalia upande mmoja kabla hajaufungua ukurasa wa kwanza. Wachapishaji wetu wanapaswa kuona haya kwa jambo hili kuliko jingine lolote nitakalolisema hapa.

Rafu ya watu wa dini ndiyo dhaifu kuliko zote. Mafurushi yake mengi ni vijitabu viwili vya sifa vilivyofungwa pamoja, vya jubilei au vya kumbukumbu ya mazishi, askofu akiwa amejenga shule na sheikh akiwa amefungua madrasa, na wote wawili hawakuwahi kukasirika. Nilipouliza, mzee alisema kwamba aliyatafuta maandishi ya upande mwingine kwa miaka mingi bila kuyapata, na kwamba wateja wawili waliwahi kumrudishia vitabu kwa hasira wakisema watu wa Mungu hawapimwi.

Ninawaheshimu wateja hao, lakini nadhani dini zenyewe hazikubaliani nao. Biblia ina furushi lake ndani ya jalada moja. Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 11, kinaeleza bila kuficha jinsi Mfalme Daudi alivyomchukua mke wa Uria na kisha kupanga Uria auawe vitani. Mambo ya Nyakati wa Kwanza, sura ya 20, kinasimulia vita vilevile, kinasema Daudi alibaki Yerusalemu, kisha kinapita bila kumtaja Uria kabisa katika habari hiyo. Waliokusanya maandiko walikuwa na nafasi ya kubakiza simulizi safi peke yake, wakaviacha vyote viwili, na Zaburi za Daudi zikaendelea kuimbwa. Kwa upande wa Uislamu kuna elimu nzima, jarh na taadil, ya kuwachunguza wapokezi wa Hadithi mmoja mmoja. Wanachuoni wake waliweza kuandika kwamba fulani ni mcha Mungu, mwingi wa swala, na kwamba kumbukumbu yake ni dhaifu kwa hiyo mapokezi yake hayategemewi. Uchaji wake ulibaki palepale na udhaifu wake ukaandikwa, kwa kuwa kuuficha kungewadhuru waliokuja baada yake. Kanisa Katoliki nalo, tangu 1587 hadi Papa Yohane Paulo wa Pili alipobadili taratibu mwaka 1983, lilikuwa na ofisa ambaye kazi yake ilikuwa kutoa hoja za kumpinga anayependekezwa kuwa mtakatifu, yule ambaye watu walimwita wakili wa shetani. Jambo hili linatuhusu kwa karibu, kwa maana mchakato wa kumtangaza Nyerere mwenyewe kuwa mwenye heri, hatua ya kabla ya utakatifu, ulifunguliwa mwaka 2005 katika Jimbo la Musoma, na sidhani kuna anayeutakia mema mchakato huo angependa uzio wa kizuizini na amri ya vijiji vibaki nje ya mafaili yake.

Nimeacha mwisho mahali pa rafu panaponivuta kila ninapoingia. Kuna kitabu kimoja ambacho hakijafungwa na kingine: maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar wa karne ya 19, kwa maneno yake mwenyewe. Pembeni yake pameachwa nafasi ya kitabu kimoja, tupu. Kama maandishi ya Kiswahili, ni kazi ya ajabu: sentensi fupi, safari ndefu, majina ya watawala na mito, pembe za ndovu zimehesabiwa kwa frasila, kipimo cha uzito cha zamani. Misafara ya enzi zake ilipita hapa Ugogo, ikalipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi na kugombania maji, na mtu anayeisoma akiwa Dodoma anaiona njia. Huyuhuyu alimsaidia Livingstone aliyekuja kuipinga biashara ya watumwa, na huyuhuyu aliifanya biashara hiyo. Katika simulizi yake pembe zina uzito na bei, lakini waliozibeba hawana majina. Mzee anasema ameiacha nafasi ile wazi kwa sababu waliouzwa hawakuandika vitabu.

Hapo tu ndipo ninapotofautiana naye. Mwaka 1934 James Mbotela, mtoto wa watumwa waliokombolewa na kuwekwa Freretown karibu na Mombasa, alichapisha Uhuru wa Watumwa, kwa Kiswahili, akisimulia habari za watu kama wazazi wake. Kitabu hicho nacho kinahitaji kupimwa, kwa kuwa kinawasifu mno Waingereza na kimeandikwa ndani ya kivuli cha misheni. Hata hivyo, humo aliyebebeshwa mzigo anapata kusema.

Duka hufunguliwa Jumatatu hadi Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na Ijumaa hufungwa adhuhuri kwa saa moja na nusu. Malipo kwa simu yanapokelewa. Kaunta ina daftari la maombi ya wateja, na Jumamosi iliyopita niliandika humo jina la kitabu cha Mbotela. Mzee alilisoma, akakata kipande cha uzi wa katani, akakiweka katika ile nafasi tupu.