Albamu za Dr. Remmy Ongala: ipi ununue kwanza

Kuna vijana wanaijua Sinza kwa Remmy ya Dar es Salaam kama kituo cha daladala tu, na sasa wameanza kuuliza huyo mzee mwanamuziki mwenye jina hilo wanunue albamu yake gani. Mimi nazipanga hivi.

Ya kwanza ni Songs for the Poor Man, lebo ya Real World, 1989. Ilirekodiwa Uingereza kwenye studio ya mwanamuziki Peter Gabriel na sauti ni safi kabisa, yaani magitaa ya bendi yake, Super Matimila, unayasikia moja moja, ridhimu inazunguka palepale, solo inakatiza juu, besi inatembea zake, na chemko, ile sehemu ya kasi ya kucheza, likianza hukai. Vaa hedifoni usikilize Kipenda Roho, halafu Sauti ya Mnyonge. Remmy kazaliwa Kindu, Kongo, 1947, na kwao kuzaliwa tayari na meno kulimaanisha ni mganga, ndo udaktari wenyewe huo, akaja Dar 1978 kwa mjomba wake Mzee Makassy, mwenye bendi ya Orchestra Makassy, na badala ya kushindana na wenzake kwenye mapenzi akaamua kuimba umaskini, ubaguzi na kifo, na watu wakacheza hivyohivyo!

Ya pili Nalilia Mwana ya 1988. Womad, wale wa tamasha la muziki la Uingereza, waliikusanya kutoka rekodi za huku huku Tanzania so usitegemee usafi ule, sauti imebanana kidogo, ila Ndumila Kuwili humo ni moto na kwa sisi tunaofuata maneno inakaribia sana kuwa namba moja.

Ya tatu Mambo, 1992. Nzuri, ila Kiingereza kimezidi na utamu wa Remmy uko kwenye kile Kiswahili chake chenye Kongo ndani, kwa hiyo inunue ukiwa na hizo mbili. Na jina lisikuchanganye na Mambo kwa Soksi, ule wimbo wa kondomu ambao Redio Tanzania ilikataa kuupiga, wakati ukimwi unamaliza watu yeye alisema wazi, kwa hilo namheshimu mpaka kesho. Soma orodha ya nyimbo nyuma ya kava kabla ya kulipa.

Injili aliyoimba mwishoni, kabla hajafariki Desemba 2010, iache mpaka umzoee.

Sidii ya mtumba omba picha ya upande wa chini kabla hujatuma hela, na kaseti ipigwe pande zote mbili ukiwepo.