Chihuahua hapa Tanga: kadogo ila kelele kibao

Mnaouliza hivi vimbwa vidogo vikoje, mi ninaye mmoja hapa Chumbageni. Asili yao Mexico, jina ni la jimbo la huko, na mkubwa wake anafika kama kilo 3 tu, jogoo la kienyeji lililoshiba linamkaribia. Joto letu analimudu, kinachomtesa ni kale kabaridi ka Julai usiku, anatetemeka mpaka unamuonea huruma.

Ulinzi sahau. Kubweka atabweka, bodaboda ikipita tu anaanza, ila mwizi atamruka aendelee na kazi.

Sasa kwenye msosi hapa msikilize maana wauzaji wengi hawasemi, akiwa mtoto mpe kidogo kidogo mara tatu nne kwa siku, akikaa na njaa sukari inashuka anaweza kuzimia na hata kufa kabisa. Kamba usimfunge shingoni, koo lake laini, tafuta mkanda wa kifuani. Magoti yao huteguka so kuruka ruka toka kwenye kochi hapana, na wengine wana utosi laini usiofunga, kama una watoto watukutu nyumbani bora usubiri. Meno pia yanaharibika mapema, chanjo ya kichaa cha mbwa ndo usiseme, lazima.

Majirani wengi huku hawataki mbwa awaguse na udhu wao, wangu nyakati za swala anakaa ndani, hatujagombana na mtu.

Nampa nyota 4 kati ya 5, moja nimekata sababu ya makelele ya alfajiri.