CNC ya 3018 kwenye karakana ya nyumbani Mwanza: kwa mninga iko vizuri, kwa alumini uwe na subira

Nimeitumia CNC (mashine ya kuchonga inayoendeshwa na kompyuta) ndogo ya aina ya 3018, yenye fremu ya alumini, kwenye karakana ya nyumbani hapa Nyakato. Kwa mbao, plastiki na maandishi ya vibao, inalipa. Alumini inachonga, ila polepole. Chuma usijaribu, muuzaji akikuahidi chuma anataka hela yako tu. Eneo la kazi ni mm 300 kwa 180, kichwa kinapanda na kushuka mm 45 tu, na mota inayozungusha kisu ni 775 ya volti 24. Ziko pia zenye mbavu za bakelaiti (plastiki ngumu) nyeusi. Ni za bei rahisi zaidi, lakini zinanyumbuka kisu kikipata upinzani, kwa hiyo ziache.

Inakuja vipande vipande, na usahihi wake wote utatokana na namna ulivyoifunga. Usiifungie juu ya meza ya mbao. Tafuta kipande cha granaiti kilichobaki kwa mafundi wa kaunta za jikoni (mawe Mwanza yamejaa, shida hayajanyooshwa). Funga bolti zote bila kukaza, pima kona kwa kona, tofauti isizidi nusu milimita, ndipo ukaze. Bonyeza kila kona ya fremu: ikichezacheza imejipinda, legeza uanze tena. Nguzo za kichwa zipime kwa guni dhidi ya meza ya mashine.

Nati za skrubu za kuendeshea ndizo zinazosumbua wengi. Sukuma meza mpaka mwisho wa upande mmoja, kaza nati, izungushe skrubu kwa mkono hadi upande wa pili. Ikianza kuwa nzito ukikaribia mwisho, nati na beringi haviko mstari mmoja, na mota itakuwa inaruka hatua bila wewe kujua. Vibolti vya kapulingi, kiungo cha mota na skrubu, vikaze sana, kisha piga alama ya maka pen kuanzia kwenye shafti hadi kwenye kapulingi. Alama ikiachana, unajua imeteleza.

Ubao wake wa umeme unatumia GRBL, programu inayoendesha mota. Kompyuta inahitaji draiva ya CH340 (chipu ya USB ya ubao), kasi ya mawasiliano 115200. Andika $$ uone mipangilio. $100 na $101, yaani hatua za mota kwa kila milimita upande wa X na Y, huwa 800: mota ina hatua 200, kila moja inagawanywa mara 16, na skrubu inasogeza mm 4 kwa mzunguko. Iagize itembee mm 100 upime kwa venia. Ikipungua karibu milimita nzima, usikimbilie kubadilisha namba, maana skrubu haikosei kiasi hicho. Rudi kwenye kapulingi. Angalia na $30, kasi ya juu ya kisu. Programu yako ikitoa S1000 (amri ya kasi ya kisu) wakati $30 ni 10000, kisu kitazunguka kivivu na kuvunjika dakika ya kwanza.

Kwa kujifunza, toa kisu ufunge kalamu, uchore kwenye karatasi. Makosa ya vipimo, ya kazi kugeuka kama kwenye kioo na ya sifuri (sehemu ya kuanzia) yote yanaonekana hapo bila hasara. Ukirudisha kisu, koleti ya ER11 (kishikio cha kisu) ibonyeze kwanza ndani ya nati yake mpaka ilie, ndipo uingize kisu. Ukiiweka koleti kwenye shafti kabla ya nati, kisu kitayumba na tundu la mm 3 litatoka kubwa. Na kisu kinapohama bila kukata, kiwe angalau mm 10 juu ya vibanio vinavyoshika kazi. Visu vingi vya wanaoanza huvunjikia kwenye kibanio, si kwenye mbao.

Mninga, kisu cha mm 3.175: kina mm 0.5 hadi 1, mwendo mm 600 kwa dakika. Vaa barakoa, vumbi lake linawasha.

Alumini inataka kisu cha jino moja, kina mm 0.1, mwendo mm 200 kwa dakika. Kwa mizunguko 10,000 kwa dakika, kila jino linakula mm 0.02. Ukitumia cha meno mawili kwa mwendo huohuo, kila jino linakula 0.01, yaani linasugua badala ya kukata, joto linapanda na chenga zinaganda kwenye kisu. Ukisikia mlio mkali, simamisha. Mabaki ya fremu za madirisha yanakatika vizuri. Bati laini la masufuria linanata kama ubani. Paka oili ya cherehani kwa brashi. Mafuta ya taa wengi wanayatumia, lakini mota hii ina brashi za kaboni na inatoa cheche, mimi siyashauri.

Kero kubwa ni umeme. Ukikatika, GRBL inasahau mashine ilipo, ingawa sifuri ya kazi (G54) inabaki kwenye kumbukumbu. Funga swichi zinazohisi mashine ikifika mwisho, weka $22=1 (kuwasha kazi ya kutafuta mwanzo), na umeme ukirudi tuma $H, mashine ijitafutie mwanzo, kabla ya kitu chochote; utaendelea na kazi ileile. UPS ya VA 650 inabeba mashine hii kwa dakika kadhaa, inatosha kusimamisha kwa utaratibu. Mawasiliano yakikatika katikati ya kazi, angalia ethi ya soketi, fupisha waya wa USB, na usichomeke grainda kwenye ekstensheni hiyohiyo.

Unyevu wa ziwa unafanya shafti zishike kutu na MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) ya mezani ivimbe. Futa shafti kwa kitambaa chenye oili kidogo. Ukizidisha, vumbi na wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku vinageuka msasa kwenye beringi. MDF ikivimba, isawazishe upya kwa kisu kipana cha mashine yenyewe kabla ya kazi inayotaka kina sawa.

Ukiagiza, ongeza koleti za mm 3.175 na mm 6, visu vya jino moja vya kutosha, na mota moja ya 775 ya akiba: kaboni zake zikiisha, mara nyingi inatupwa mota nzima.