Gari Chini, Mwenyewe Juu ya Mawe: Kinga Ipi Ununue Kwanza Mwanza

Mtu akishapata Toyota IST au Harrier yake, kitu cha kwanza anachoulizia dukani ni alamu. Sisi tunaiweka mwisho kwenye orodha hii, na sababu ni mawe. Isamilo, Bugando, Mabatini, Igogo, sehemu za Kirumba na Kitangiri: nyumba zimepanda mlimani, njia ya gari imeishia chini. Gari linalala kando ya barabara au kwenye kiwanja cha mtu, pamoja na mengine kumi na mlinzi mmoja, na mwenye gari amelala huko juu kwenye miamba. King'ora kikilia saa nane usiku, anayekisikia siye mwenye ufunguo.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, jiulize: gari linalala wapi, na likiguswa nani atalifikia ndani ya dakika tano? Mwenye ukuta na geti Capri Point au Nyegezi anaweza kuupanga upya mpangilio wetu. Asiye navyo, aufuate kama ulivyo. Ajue pia kwamba kuibiwa gari zima na kuibiwa vipuri ni mambo mawili, na hakuna kifaa kimoja kinachozuia yote.

Ya kwanza: swichi ya siri kwenye mfumo wa mafuta

Hii ndiyo kinga yenye faida kubwa kuliko zote kwa hela unayotoa. Vifaa vyake havifiki bei ya kujaza tangi la IST. Wazo ni rahisi: pampu ya mafuta isipopata umeme, mwizi mwenye ufunguo bandia anawasha, injini inanguruma kwa mafuta yaliyobaki kwenye mpira, kisha inazima sekunde chache baadaye. Anabaki katikati ya njia na gari lisilo lake. Ndiyo maana tunapendelea kukata mafuta kuliko kukata stata. Ukikata stata, gari halizunguki kabisa, mwizi anajua papo hapo kuna waya uliokatwa na anaanza kuutafuta lilipoegeshwa. Tena gari la gia za mkono, hasa likiwa kwenye mteremko wa Isamilo, linawaka kwa kusukumwa.

Kuna njia mbili za kuifunga, na fundi atakuuliza kama anajua kazi yake. Ya kwanza ni kukata waya mnene unaopeleka umeme kwenye pampu yenyewe. Pampu ya gari dogo huvuta ampea 5 hadi 8, kwa hiyo hapo inatakiwa rilei (swichi inayosukumwa na umeme mdogo wa koili yake) ya volti 12 yenye ampea 30 au 40, waya wa milimita za mraba 2.5 na fyuzi ya ampea 15. Swichi ndogo ya dukani haibebi mzigo huo. Itapata moto, plastiki yake italegea, na siku moja itakata yenyewe. Njia ya pili ni kukata waya mwembamba wa koili ya rilei ya pampu, ambayo kwenye Toyota nyingi za miaka ya 2000 imeandikwa C/OPN. Koili inavuta chini ya robo ampea, hivyo swichi ya kawaida inatosha bila rilei ya ziada. Sisi tunachagua hii ya pili: viungo vipya havipitishi umeme mkubwa, na njia yenyewe ya pampu inabaki kama ilivyotoka kiwandani.

Ukilazimika kuweka rilei ya pini tano, zingatia jambo moja. Waya wa kutoka kwenye umeme uingie pini ya 30, wa kwenda pampu utoke pini ya 87a, si 87. Hapo rilei inaruhusu umeme ikiwa imelala, na koili yake ikiungua gari linaendelea kutembea. Ukitumia 87, koili ikiungua ukiwa unapanda Nyakato nyuma ya lori, injini inazima hapo hapo. Kasoro ya 87a ni kwamba ili ikate, koili lazima ipate umeme. Kwa hiyo umeme wake uchukuliwe kwenye waya unaoamka ufunguo unapozungushwa. Ukichukuliwa moja kwa moja kwenye betri, betri itakwisha gari likiwa limelala.

Kinachoharibu swichi nyingi za siri ni kiungo. Waya umesokotwa kwa vidole, ukafungwa tepu nyeusi, basi. Unyevu wa ziwa unaingia, shaba inageuka kijani, na baada ya miezi kadhaa gari linaanza kuzima kwenye makutano. Mwenye gari anaambiwa pampu imekufa, ananunua nyingine, na tatizo linabaki. Dai kiungo kilichochomwa risasi na kuvalishwa mpira unaosinyaa kwa joto. Kama waya mnene ulikatwa na gari linazimazima, pima kwa mita injini ikiwa inawaka: volti za betri kwanza, kisha za plagi ya pampu. Tofauti ikizidi volti moja, tafuta kiungo kabla ya kugusa pampu.

Mahali pa kuificha? Chini ya usukani, ndani ya droo ya mbele na pembeni ya handibreki ndiko mkono wa mwizi unakoanzia, kwa hiyo usiweke huko. Tafuta sehemu unayoifikia umekaa, lakini goti la abiria au mguu wa mtoto hauifikii. Usikubali swichi ya sumaku inayotaka sumaku ibaki imenata mahali safari nzima. Ikidondoka kwenye tuta, injini inazima. Na fundi akimaliza, usimwache ahadithie vijana wa gereji alipoificha. Siri ya swichi ndiyo swichi yenyewe.

Dizeli za zamani zenye pampu ya kimekanika hazina pampu ya umeme ya kukatwa. Kwenye hizo hukatwa waya wa solenoidi ya kuzimia injini, ambao unafikika kwa kufungua boneti tu, kwa hiyo kinga yake ni dhaifu zaidi.

Ya pili: kulinda vipuri

Saiti mira, taa, kontroboksi (kompyuta ya injini), betri, rimu na tairi la spea. Hivi haviulizi ufunguo.

Anza na kuchora namba ya gari kwenye vioo vyote, saiti mira na taa. Bei yake ni ndogo kuliko saiti mira moja, na inamsumbua anayenunua mali ya wizi, ambaye ndiye anayemtuma mwizi. Angalia fundi anatumia nini. Dawa ya kula kioo inakula kioo peke yake. Taa za magari ya kisasa ni plastiki, dawa hiyo haiachi alama, na hapo lazima atumie mashine ya ncha ndogo. Akichora kioo cha saiti mira na kuacha ganda lake la plastiki, hajamaliza: ganda nalo linauzwa. Achore ndani yake pia, mahali ambapo kukwangua kutaonekana.

Nati za rimu zenye kufuli ni nne, moja kila gurudumu. Toyota, Honda na Mitsubishi ndogo nyingi zinatumia uzi wa M12 x 1.5, Nissan, Subaru na Suzuki nyingi ni M12 x 1.25. Ukikosea, nati inaingia mizunguko miwili mitatu kisha inakaza, na fundi mwenye nguvu ataendelea kukaza hadi aue uzi wa stadi, ile bolti inayoshika gurudumu. Nati sahihi inaingia kwa vidole peke yake mizunguko sita au zaidi. Angalia na kalio lake, yaani sehemu ya nati inayokaa kwenye rimu: rimu nyingi za kununua nje ya kiwanda zinataka kalio la mchongoko, wakati rimu za aloi za Toyota zenyewe mara nyingi zinataka nati yenye washa bapa. Kalio lisilolingana linaonekana limekaza huku rimu inacheza. Toyota ndogo zikazwe kwa Nm 103. Na kwa kijana wa pancha toa agizo moja: nati ya kufuli ilegezwe kwa spana ya mkono, si kwa mashine ya upepo, kwa sababu mashine inavunja meno ya ufunguo wake. Andika namba ya ufunguo huo kwenye simu siku unapoununua.

Kontroboksi kwenye Toyota ndogo nyingi iko nyuma ya droo ya mbele ya abiria, na mwenye mazoezi anaitoa haraka sana. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kibebeo cha bati la milimita 3, kifungwe kwa bolti ambazo kichwa chake hukatika zikishakazwa. Vipimo vichukuliwe kwenye gari, lakini kuchomelea kufanyike nje, mezani. Mtu akichomelea ndani ya gari wakati kontroboksi imechomekwa, umeme wa mashine unaweza kuiua, na utakuwa umelipia hasara uliyokuwa unaikimbia. Acha nafasi ya hewa kuizunguka. Betri nayo ifungwe kwa mkanda wa chuma na kufuli, na sehemu inayopita karibu na kichwa cha chanya ivalishwe mpira. Chuma kikigusa hapo ni shoti, na shoti ya betri ni moto.

Ya tatu: GPS

Kifaa cha kufuatilia hakizuii wizi, kinakusaidia kulipata gari. Mwanza kina kazi ya pekee kwa sababu milango ya kutoka mjini inahesabika: barabara ya Musoma kupitia Igoma na Kisesa kuelekea Sirari mpakani na Kenya, barabara ya Shinyanga kupitia Buhongwa na Usagara, na ya magharibi inayochepuka Usagara kwenda Kigongo. Huko Kigongo mambo yamebadilika. Zamani gari la wizi lilikuwa lazima lisubiri kivuko. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la kilomita 3 lilipofunguliwa Juni 2025, kufika Busisi ni dakika chache. Kwa hiyo kwenye programu ya simu chora mipaka ya tahadhari Kisesa, Usagara na Kigongo, na mmoja kwenye kivuko cha Kamanga. Ujumbe ukiingia gari likiwa Usagara bado una nafasi. Likivuka Sirari na laini ya simu ya kifaa haina huduma ya nje ya nchi, kifaa kinanyamaza.

Chagua cha 4G kinachoweza kurudi 2G, chenye betri yake ya ndani. Kinachochomekwa kwenye soketi ya kupimia chini ya usukani usinunue kwa ajili ya wizi: kinachomolewa kwa vidole viwili. Kifungwe chini ya plastiki ya dashibodi, uso wake ukitazama juu, pasiwe na chuma juu yake. Laini isajiliwe kwa alama za vidole zako wewe, si za fundi, kwa sababu mwenye laini ndiye mwenye habari za gari. Nywila ya kiwandani, ambayo kwenye vifaa vingi ni 123456, ibadilishwe kabla hujatoka gereji. Na kama kina uwezo wa kukata injini kwa simu, hakikisha kimewekewa sharti la kusubiri mwendo ushuke chini ya kilomita 20 kwa saa. Kuzima gari linalokimbia kunaua watu wasiohusika.

Wenye kifaa cha kuvuruga mawimbi wanaweza kukiziba. Ndiyo sababu GPS haipandi juu ya swichi ya siri kwenye orodha yetu.

Ya nne: kufuli la usukani

Linaonekana kwa mbali, halina waya wa kuharibika, na linafaa kwa asubuhi moja ya kununua samaki Mwaloni. Udhaifu wake si chuma chake. Mwizi anakata duara la usukani kwa msumeno na kulitoa kufuli likiwa zima. Linalofunga usukani pamoja na pedeli ya breki ni bora kuliko la kushika usukani peke yake.

Ya tano: alamu

Ukiinunua, nunua yenye king'ora chenye betri yake, na usilipe kabla swichi ya boneti haijafungwa. Mafundi wengi huiruka, na bila hiyo mtu anafungua boneti, anatoa waya wa betri, kimya. Kihisio cha mtikisiko kipunguzwe: ngurumo za radi za ziwani na malori ya kokoto vitaiamsha kila usiku, na jirani aliyeamshwa mara tano bure hatoki mara ya sita. Kipime kwa kupiga tairi kwa kiganja. Ikilia kwa kofi jepesi, iko juu mno.

Piga hesabu ya betri pia. Alamu miliampea 25, GPS 20, gari lenyewe 30: jumla 75, sawa na ampea-saa (Ah) 1.8 kwa siku. Ukienda Ukerewe wiki mbili, betri ya Ah 45 imepoteza Ah 25, na hapo inaweza kushindwa kuzungusha injini.

Rimoti ya alamu au ya kiwandani, usiiamini kwa sikio. Ukiegesha Rock City Mall, bonyeza, kisha vuta mpini wa mlango kwa mkono. Mtu mwenye kifaa cha kuziba mawimbi anachohitaji ni wewe uondoke bila kuugusa.

Bima ndogo hailipi wizi wa gari lako, bima kubwa ndiyo inayolipa. Namba ya stika ihakikiwe kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka inayosimamia bima), na uulize kwa maandishi kama redio ya skrini na rimu ulizoongeza zimo. Kadi ya gari isilale ndani ya gari. Piga picha ya namba ya chasisi, ya injini na ya kila sehemu iliyochorwa, uzitume kwa mtu wa nyumbani, kwa sababu polisi watakapokuandikia RB (namba ya taarifa yako kituoni) watataka namba hizo, na huenda simu yako ikawa imeondoka pamoja na gari.